Hakimu Akikuagiza kwa Mwanasaikolojia: Mwongozo kwa Aliye Chini ya Probesheni

Ukitoka kortini na amri ya probesheni, furaha ya kuikosa jela hufunika mengine yote. Ndugu wanakukumbatia, mama analia, mtu anapiga simu nyumbani kuwaarifu waliobaki. Ni baadaye, karatasi ikishasomwa kwa utulivu, ndipo unapouona mstari unaosema utapimwa afya ya akili, au utahudhuria ushauri nasaha kama afisa wa probesheni atakavyoelekeza. Wengi huuchukulia kama nyongeza ndogo. Kwa maoni yangu ndio mstari mzito kuliko yote. Kuripoti ofisini ni kazi ya miguu. Huu unakutaka uketi mbele ya mtu usiyemjua na umweleze mambo ambayo pengine hujamwambia hata mwenzako wa nyumbani.

Ninaandika kwa ajili ya aliyehukumiwa Kenya, na kwa jamaa zake, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wanaosoma karatasi.

Sheria inayokuhusu ni Sheria ya Probesheni, Sura ya 64. Amri ya probesheni haipungui miezi 6 wala haizidi miaka 3. Kabla ya kuitoa, hakimu anapaswa kukueleza kwa lugha ya kawaida maana yake, na kitakachokupata ukiivunja au ukitenda kosa jingine: unaweza kurudishwa mbele ya korti uhukumiwe kwa kosa lile lile la mwanzo. Tena hawezi kuitoa mpaka wewe mwenyewe utamke kwamba uko tayari kuifuata. Dakika hiyo ya kuulizwa kama umeelewa na kama unakubali ndiyo nafasi yako bora ya kusema. Kama kliniki iko mbali, kama unafanya kazi ya ulinzi wa usiku, kama huna nauli ya kwenda na kurudi kila wiki, sema pale pale kizimbani. Hakimu hajui hali yako zaidi ya yale yaliyoandikwa katika ripoti ya afisa wa probesheni, na afisa naye huenda aliongea na chifu, jirani na shangazi yako bila kufika kwenye jambo la nauli.

Na kama ulikubali bila kuelewa, usikate tamaa. Mtu aliye kizimbani na hofu ya jela huitikia chochote. Korti ina uwezo wa kuirekebisha amri baadaye. Mwendee afisa wako mapema, mweleze kinachokushinda, umwombe apeleke ombi la mabadiliko. Usingoje mpaka uwe umekosa vikao vinne ndipo uanze kueleza.

Ripoti ni ya nani?

Kuna vikao vya aina mbili, na watu huponzwa kwa kuvichanganya.

Cha kwanza ni tathmini. Korti, au afisa wa probesheni kwa niaba yake, imemwomba mtaalamu ajibu maswali fulani: mtu huyu ana ugonjwa wa akili? Ana uraibu? Kuna hatari ya kumdhuru mwingine au kujidhuru? Msaada gani utamfaa? Majibu huandikwa na kutumwa. Anayekupima anaweza kuwa mpole na kukupa maji ya kunywa, lakini saa ile anamfanyia kazi aliyemtuma, na unayomwambia yanaweza kusomwa na hakimu.

Cha pili ni ushauri nasaha au matibabu yenyewe. Hapo kazi inafanywa kwa ajili yako. Kinachorudi kwa afisa, kwa kawaida, ni kama umehudhuria, kama unashirikiana, na unaendeleaje kwa jumla. Yale ya ndani hubaki ndani, isipokuwa pale ambapo kuna hatari ya kweli: mtoto anayeumizwa, mtu uliyetishia kumuua, au wewe mwenyewe ukiwa karibu kujidhuru.

Kwa hiyo, kabla hujasema lolote katika kikao cha kwanza, uliza: Ripoti hii itaenda kwa nani? Utaandika nini na utaacha nini? Ni jambo gani nikilisema utalazimika kulitoa? Mtaalamu aliyefunzwa vizuri hakasiriki kwa maswali haya. Mengi anapaswa kukueleza hata kabla hujauliza. Ukipewa fomu ya ridhaa, omba usomewe kabla ya kutia sahihi. Hakuna aibu kuomba usomewe.

Lipo jambo moja linalohitaji uangalifu zaidi. Sheria ya Ushahidi ya Kenya inalinda mazungumzo yako na wakili wako. Mshauri nasaha hana ngome ya namna hiyo. Ana wajibu wa kikazi wa kutunza siri, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, lakini korti ikimwita na kumuuliza, hali inabadilika. Marekani kuna kesi iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1984, Minnesota dhidi ya Murphy. Mtu aliyekuwa chini ya probesheni alimweleza mshauri wake wa matibabu kuhusu mauaji ya zamani. Mshauri akamwambia afisa wa probesheni, afisa akamuuliza yule mtu, naye akakiri. Mahakama ikasema kukiri kwake kunaweza kutumiwa dhidi yake, kwa sababu hakudai haki yake ya kunyamaza. Sheria ya huko siyo yetu, na Katiba yetu katika Ibara ya 50 inamlinda mshtakiwa asilazimishwe kutoa ushahidi wa kujitia hatiani. Hata hivyo kisa hicho kinaonyesha jinsi neno linavyoweza kusafiri kutoka chumba cha ushauri hadi kizimbani.

Ninachokushauri ni hiki. Hasira zako, pombe yako, usingizi unaokosekana, mambo uliyotendewa utotoni, kosa ambalo tayari umehukumiwa kwalo: hayo yaseme, maana bila hayo hakuna wa kukusaidia. Kama kuna kosa jingine ambalo hujashtakiwa, lenye jina la mtu, tarehe na mahali, zungumza na wakili kwanza. Usiyeweza kumlipa wakili, uliza kuhusu Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa chini ya sheria ya 2016.

Siku ya kupimwa

Anayeweza kukupima ni daktari wa magonjwa ya akili, ambaye huandika dawa, au mwanasaikolojia, ambaye kazi yake ni mazungumzo na vipimo. Mshauri nasaha mara nyingi huja baadaye. Washauri na wanasaikolojia wana sheria yao ya mwaka 2014, na una haki ya kuuliza kama aliye mbele yako amesajiliwa.

Ukitajiwa Mathari, usishtuke. Hospitali hiyo ya Nairobi ilianza mwaka 1910, na kwa kuwa washtakiwa wa mauaji hupelekwa kupimwa huko kabla ya kujibu mashtaka, jina lake limebeba hofu isiyostahili. Mombasa watu wengi huelekezwa Port Reitz. Kwenda kupimwa hakumfanyi mtu kuwa mgonjwa, na kuwa mgonjwa hakumfanyi mtu kuwa mhalifu zaidi. Mara nyingi ripoti nzuri ndiyo inayomweleza hakimu kwamba kijana huyu aliyevunja duka alikuwa hajalala siku kadhaa, na kwamba kuna tiba.

Beba kitambulisho, nakala ya amri ya korti, barua ya afisa, na dawa zako zote zikiwa kwenye vifurushi vyake, pamoja na zile za mitishamba. Beba pia vyeti vya hospitali vya zamani kama vipo. Kuumia kichwa kwenye ajali ya bodaboda, kifafa, malaria iliyopanda kichwani ukiwa mtoto, haya yanaweza kueleza usahaulifu au hasira za ghafla ambazo kila mtu nyumbani ameziita ukaidi.

Utaulizwa maswali yanayoonekana ya kitoto. Leo ni siku gani? Tuko wapi? Kumbuka maneno haya matatu, nitakuuliza tena. Toa saba kutoka mia, endelea kutoa saba. Usidhani unadharauliwa. Mtaalamu anaangalia umakini na kumbukumbu, na maswali hayo huulizwa maprofesa pia. Usiyesoma shule mwambie, ili asichukue ugumu wa hesabu kuwa dalili ya ugonjwa.

Kisha huja madodoso. La sonona linalotumika sana lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita. La pombe, lililotungwa na Shirika la Afya Duniani, lina maswali kumi. Tafsiri za Kiswahili zipo. Kama Kiingereza hukijui vizuri, sema tangu mwanzo kwamba unataka Kiswahili, au lugha ya nyumbani kwenu. Nimesikitika sana kuona mtu akijibu ndiyo kwa swali ambalo hakulielewa, kisha ndiyo hiyo ikawa aya nzima ya ripoti. Mkalimani asiwe mkeo, mumeo wala mtoto wako, kwa sababu kuna mambo hutayasema mbele yao.

Swali la tisa katika lile dodoso la sonona huuliza kama katika wiki hizo mbili umefikiria ni afadhali ufe, au ujidhuru. Kwa miaka mingi Wakenya walikuwa na sababu ya kulikwepa. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, na waliookolewa walipelekwa kortini wakiwa bado na majeraha. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kwa hiyo lijibu kwa ukweli. Kama mawazo hayo yanakujia usiku, baada ya kliniki kufungwa, nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu ni ya bure.

Vipi kuhusu majini? Pwani swali hili lipo katika kila familia, na wengi huliogopa: nikisema nilisomewa, nikisema bibi alinipeleka kwa mganga, si wataniandika kichaa? Sema. Imani inayoshirikiwa na jamii nzima haihesabiwi kuwa ugonjwa, na mtaalamu anayeijua kazi yake anajua hivyo. Anachotaka kujua ni lini ulianza kusikia sauti, zinakuambia nini, na kama zinakuamrisha kuumiza mtu. Ukificha habari ya mganga huenda ukaficha pia dawa aliyokunywesha, na dawa hiyo inaweza kugongana na ya hospitali.

Usijifanye mgonjwa kuliko ulivyo, wala mzima kuliko ulivyo. Maelezo yako yatalinganishwa na ya afisa, ya jamaa, na ya vyeti. Ukikumbuka tarehe vibaya, sema hukumbuki vizuri.

Baada ya tathmini, muulize wakili au afisa kama unaweza kuisoma ripoti kabla haijafika kwa hakimu. Ibara ya 35 ya Katiba inakupa haki ya kutaka taarifa zisizo za kweli zinazokuhusu zirekebishwe. Kama imeandikwa umewahi kufungwa na hujawahi, au kwamba unaishi na ndugu aliyekufa zamani, hilo lisahihishwe sasa, likiwa bado kosa la kalamu.

Pombe na unga

Kama unakunywa kila siku kwa miaka, usimwahidi hakimu kwamba umeacha leo. Mwili uliozoea pombe nyingi ukikatiwa ghafla unaweza kutetemeka, kuweweseka, hata kupata degedege, hasa katika siku mbili tatu za mwanzo, na mtu anaweza kufa. Nenda hospitali kwanza, uachishwe chini ya uangalizi. Jamaa wanaomfungia mtu chumbani ili aache kwa nguvu wana nia njema, na wanahatarisha maisha yake.

Kwa wanaotumia heroini, yaani unga, hali ni tofauti na wengi nyumbani hawaielewi. Kenya ilianza kutoa methadoni, dawa ya kutibu uraibu huo, Mathari mwishoni mwa 2014, kisha Pwani zikafuata Malindi na Kisauni. Dawa hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Utawasikia watu mtaani wakisema ni unga mwingine, teja amebadilishiwa tu. Hiyo si kweli, na maneno hayo yamewarudisha wengi maskani. Kipimo cha methadoni kilichopangwa vizuri huondoa arosto na hamu bila kumlewesha mtu, akaweza kushinda kazini. Ukikosa siku kadhaa mfululizo, kipimo hakirudishwi pale pale, kwa sababu mwili umeshapunguza uwezo wa kukihimili. Hushushwa na kupandishwa tena taratibu.

Hapa ndipo probesheni na tiba hugongana. Afisa anakutaka ofisini asubuhi, na kliniki inatoa dawa asubuhi hiyo hiyo. Usichague mwenyewe kimya kimya. Omba kliniki ikuandikie barua yenye mhuri inayoonyesha saa zako za dawa, umpelekee afisa, umwombe akubadilishie saa. Tembea na kadi yako ya kliniki, kwani baadhi ya vipimo vya mkojo huionyesha methadoni. Na ukitaka kusafiri, hata kwa mazishi Kilifi au harusi Lamu, unahitaji ruhusa ya afisa na mpango wa dawa kutoka kliniki. Mvuvi anayelala baharini siku nyingi azungumze na wote wawili kabla ya msimu kuanza.

Kurudia kutumia hutokea. Ni sehemu inayojulikana ya ugonjwa wenyewe, na afisa mwenye uzoefu anaijua. Ukiteleza, mwambie mshauri wako siku hiyo au kesho yake, kisha mkubaliane namna ya kumweleza afisa. Aliyejitokeza mwenyewe na kuomba kuongezewa vikao huwa na nafasi nzuri zaidi kuliko aliyegunduliwa baada ya kukimbia. Nasema huwa na nafasi, sitoi ahadi. Uamuzi wa mwisho ni wa korti. Nambari ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, nayo pia ni ya bure, na jamaa wanaweza kuipiga.

Kama kosa lilikuwa nyumbani

Aliyehukumiwa kwa kumpiga mke, mume au mzazi mara nyingi huagizwa ushauri kuhusu hasira. Ushauri huo ni wako peke yako. Usiutumie kumrudisha uliyemuumiza, wala usimtume mama mkwe aende kumsihi ahudhurie nawe. Kama amri inakukataza kumkaribia, basi hata ujumbe wa simu wa kuomba msamaha ni kuivunja. Wazee wakiita maslaha ya kuwapatanisha, waambie kuna amri ya korti, na umjulishe afisa. Vikao vitakuuma, hasa pale utakapotakiwa ueleze ulichofanya kwa mikono yako bila kuanza na alichosema yeye. Hapo usikimbie. Mengi ya maana katika ushauri wa aina hii huanzia hapo.

Kukosa kikao, na karatasi

Nunua daftari dogo. Kila kikao andika tarehe, saa ya kufika, jina la uliyeonana naye, na uombe sahihi au mhuri. Mafaili hupotea, maafisa huhamishwa kaunti nyingine, washauri huacha kazi, na siku afisa mpya atakapouliza ulikuwa wapi mwezi wa nne, daftari litajibu. Piga picha kila ukurasa, utume kwa ndugu unayemwamini.

Usipoweza kufika, piga simu kabla ya saa ya kikao, kisha peleka ushahidi: cheti cha hospitali, tangazo la kifo, barua ya mwajiri. Kama kliniki yenyewe imefungwa kwa mgomo, usirudi nyumbani tu. Pita ofisi ya probesheni siku hiyo hiyo uandikishe kwamba ulifika ukakuta pamefungwa.

Kuhusu pesa, uliza mapema nani analipa. Ukielekezwa kwa mtaalamu wa binafsi ambaye huwezi kumlipa, mwambie afisa kwa maandishi na uombe hospitali ya serikali. Jisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya bima ya NHIF Oktoba 2024, na uulize kliniki ni huduma zipi inazozigharamia. Yeyote akikudai pesa ili akuandikie kwamba umehudhuria, usilipe. Cheti cha uongo kikigunduliwa kitakupeleka pabaya kuliko vikao vilivyokosekana.

Kama wewe na mshauri uliyepewa hamsikilizani, unaweza kuomba mwingine. Msichana aliyenajisiwa zamani ana sababu nzuri ya kutaka mshauri mwanamke. Peleka ombi kwa afisa na uendelee kuhudhuria mpaka ujibiwe.

Amri ikikaribia kwisha, mwezi mmoja kabla, fanya mambo mawili. Mwombe afisa barua inayosema umekamilisha masharti, pamoja na nakala ya taarifa ya mshauri kuhusu mahudhurio yako. Halafu nenda kliniki uulize matibabu yataendeleaje, maana rufaa yako iliandikwa kwa ajili ya kesi na mtu anaweza kudhani imekwisha pamoja nayo. Kama unameza dawa, usiziache siku ambayo amri inakwisha. Chukua tarehe ya kliniki inayofuata, iandikwe kwenye kadi yako kwa jina lako, bila nambari ya kesi.